Chagua saa kwanza, jimu baadaye: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam

Kuna mwaka nililipa 600,000 kwa mkupuo, uanachama wa miezi 12, kwenye jimu moja yenye vioo ukuta mzima na kiyoyozi cha kugonganisha meno. Nilikwenda mara 20. Idadi naijua kwa sababu pale mlangoni unaweka kidole kwenye mashine, na siku nilipoomba orodha ya mahudhurio yangu, dada wa mapokezi alinichapia karatasi bila kunitazama usoni. Gawanya mwenyewe: kila safari moja ilinitoka 30,000. Na nyuma ya nyumba niliyokuwa nimepanga palikuwa na jimu ya vyuma chini ya mabati, unatoa 3,000 unaingia.

Jimu ile ya vioo haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba nilikuwa nafanya kazi Posta, naishi Kimara, na jimu iko Mikocheni. Nani atoke Posta jioni aende Mikocheni, kisha aanze safari ya Kimara na mabegi mawili? Wiki tatu za mwanzo nilijikaza. Ya nne ikanyesha, na hadithi ikaishia hapo.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na bei wala mashine. Unaanza na saa na barabara, maana hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua utakwenda mara ngapi, na idadi ya mara utakazokwenda ndiyo inayokuambia bei halisi.

1. Iandike wiki yako kama ilivyo

Kwa wiki mbili andika mambo manne kila siku: saa uliyotoka nyumbani, saa uliyofika kazini, saa uliyotoka kazini kwa kweli, na saa uliyofungua mlango wa kwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki kwa kazi ya kawaida, lakini sheria haipandi daladala. Mtu wa saa 9 kazini anaweza kuwa nje ya nyumba saa 13. Hizo nne za njiani ndizo zitakazokula uanachama wako usipozihesabu mapema.

Ziwe wiki mbili, na moja iguse mwisho wa mwezi. Mhasibu anajua ninachosema. Kisha futa siku ambazo si zako: kikao cha harusi, mkutano wa vikoba, kwaya, darasa la jioni, siku ya kumpeleka mama kliniki. Zinazobaki ndizo siku zako za mazoezi. Wengi hujikuta na tatu, wengine mbili. Kama ni mbili, nunua kama mtu wa siku mbili. Kifurushi cha kuingia kila siku kimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa siku sita, na wewe ukikilipia unamchangia yeye.

2. Pata saa yako, ndipo utafute mahali

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alfajiri ina faida moja kubwa: saa 11 hakuna bosi anayekupigia simu. Mazoezi ya alfajiri hayaahirishwi na kikao. Lakini jimu ya alfajiri lazima iwe jirani na kwako, umbali wa kutembea au wa bodaboda ya dakika chache, na lazima ifunguliwe kwa kweli saa 11, si kwenye bango. Nenda siku mbili bila kutoa taarifa ukaone kama mwenye ufunguo amefika. Hesabu pia muda wa kurudi, kuoga na kuwahi kituoni. Anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto na kutakiwa mjini saa 2 asubuhi anajua kwamba kuchelewa dakika 20 nyumbani huzaa dakika 50 barabarani. Kama hesabu haifungi, achana na alfajiri bila kujilaumu.

Jioni ina njia mbili. Ya kwanza ni kufanya mazoezi karibu na nyumbani baada ya kufika. Inaonekana tamu, ila ukishavua viatu, ukakaa na watoto wakakurukia, kutoka tena ni vita. Ya pili ndiyo iliyoniokoa mimi: kufanya mazoezi karibu na kazini wakati foleni inachemka. Badala ya kutoka saa 11 jioni ukafike saa 1 na nusu umechoka kwa kusimama, unaingia jimu saa 11 na robo, unatoka saa 12 na nusu, unaoga, unasafiri barabara ikiwa imepungua kidogo. Nyumbani unafika saa 2 au karibu yake. Yaani jimu imekula sehemu ya muda ambao ungeliwa na foleni hata hivyo. Kwa anayepanda mwendokasi kati ya Kivukoni na Kimara hesabu ni ileile, kinachobadilika ni msongamano wa kituoni tu.

Njia hiyo ina masharti. Jimu ya karibu na kazi lazima iwe na bafu linalotoka maji, mahali pa kufungia begi, na iwe upande wa safari ya kurudi kwako. Sisemi iwe karibu kwenye ramani. Iwe upande. Jimu iliyo kilomita mbili mbele kwenye njia yako ni jirani kuliko iliyo mita 700 kinyumenyume.

Mchana sipendekezi sana. Saa moja ya chakula ukiitoa kubadili nguo, kuoga na kula, unabaki na dakika 25 na shati lililolowa. Wanaoweza ni wale ambao jimu iko kwenye jengo lilelile.

Wa zamu, yaani wauguzi, walinzi, wahudumu wa hoteli na watu wa viwandani, msifungwe na saa, shikeni kanuni: mazoezi kabla ya zamu ya mchana, na kamwe si mara tu baada ya zamu ya usiku. Nanyi kifurushi cha siku au cha mara 10 kinawafaa kuliko cha mwezi, kwa sababu ratiba ikibadilika hakuna siku inayoungua.

Na wanaofunga Ramadhani wafikirie mwezi huo kabla ya kulipa. Kuna wanaofanya mazoezi mepesi saa moja kabla ya futari, wengine baada ya tarawehe. Jimu inayofungwa saa 3 usiku haitamfaa huyu wa pili.

3. Jua unakwenda kufanya nini

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili. Soma vizuri hapo. Kutembea harakaharaka kunahesabika. Ukishuka kituo kimoja kabla na kutembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kwa siku tano umezimaliza 150 bila kumpa mtu senti.

Kilichobaki ni misuli, na hapo ndipo jimu inapopata sababu. Kama siku zako ni mbili na unatembea, unahitaji jimu yenye vyuma vya kutosha na mtu wa kukusahihisha. Huna haja ya kulipia bwawa, sauna na safu ya mashine za kukimbilia. Kama unachopenda ni kucheza na wenzako kwa muziki, basi saa za darasa ndizo ratiba yako, na jimu yenye vyuma vingi haitakusaidia.

Aliyevuka miaka 40, mwenye presha, kisukari, au mgongo unaouma, apime kwanza kisha aongee na daktari. Kupima presha ni dakika tano. Jimu inayokuuliza kuhusu afya yako kabla ya kukukabidhi vyuma tayari imekuonyesha jambo zuri.

4. Piga hesabu ya safari moja

Chukua ada ya mwezi, ongeza nauli ya ziada, maji, kabati kama linalipiwa, na ada ya kujiunga iliyogawanywa kwa miezi unayotarajia kukaa. Gawanya kwa idadi ya mara utakazokwenda, si unazotamani kwenda. Namba inayotoka ndiyo bei.

Mfano, kwa bei za kubuni tu. Jimu ya kwanza iko hatua chache kutoka ofisini, 90,000 kwa mwezi, nauli ya ziada hakuna. Ukienda mara 12, safari moja ni 7,500. Ya pili ni 50,000, ila iko nje ya njia na kila safari inakula 6,000 za bodaboda, halafu kwa kuwa iko mbali unaishia kwenda mara 6. Hiyo ni 86,000 kwa mara 6, yaani zaidi ya 14,000 kila unapoingia. Ya rahisi ndiyo ghali. Ya tatu ni ya mtaani kwako, 3,000 kwa siku: mara 12 ni 36,000. Hii inazishinda zote kwa fedha, na kama saa na vyuma vyake vinakufaa, mjadala umekwisha. Watu wengi wanaona haya kusema wanafanyia mazoezi uwanja wa mabati wenye vyuma vya saruji. Misuli haijui saruji wala chapa ya Ulaya.

Hesabu nyingine ni ya kulinganisha siku na mwezi. Ikiwa siku ni 5,000 na mwezi ni 60,000, mwezi unaanza kukulipa kuanzia mara ya 13. Mtu wa mara mbili kwa wiki anakwenda mara 8 au 9. Alipe kwa siku, hata kama mtu wa mauzo atamwonea huruma.

Kuhusu bajeti nina ushauri mmoja mkali: pesa ya jimu isitoke kwenye mchezo wa kupeana fedha, kwenye ada ya shule wala kwenye kodi. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, mwezi huo usinunue kifurushi kirefu. Januari vilevile kwa mwenye watoto. Ndio mwezi ambao matangazo ya ofa yanamiminika, na ndio mwezi ambao mfuko umetoboka.

5. Nenda kukagua kwa saa yako

Usiende Jumamosi saa 4 asubuhi kukagua jimu utakayoitumia Jumanne saa 11 na nusu jioni. Jimu ileile kwa saa mbili tofauti ni jimu mbili. Omba siku moja ya majaribio, bure au kwa malipo ya siku, na ufanye mazoezi kamili.

Ukiwa ndani, hesabu dakika unazosubiri. Ukisubiri zaidi ya dakika kumi kwa jumla, zidisha kwa mara 12, uone mwezi unapoteza muda gani. Fungua bomba la bafuni mwenyewe, usiulize. Uliza umeme ukikatika inakuwaje: kuna jenereta, na inawasha taa na feni au inawasha muziki peke yake? Niliwahi kuachwa gizani na chuma kifuani. Kijana aliyekuwa karibu aliniwahi kwa mwanga wa simu, na tangu siku hiyo swali la jenereta huwa la kwanza.

Angalia kama vyuma vinarudishwa mahali pake. Hilo linakuambia kama kuna msimamizi. Angalia nyaya za mashine, hasa pale zinapopinda. Mtafute mwalimu: yuko sakafuni anazunguka, au yuko mapokezi anachati? Mtazame anavyomwelekeza mgeni mwenye kitambi, si anavyompiga picha kijana mwenye kifua.

Kwa dada zetu kuna ukaguzi wa ziada. Chumba cha kubadilishia kina mlango unaofungika kwa ndani? Kuna saa za wanawake peke yao, na zinaheshimiwa? Muulize mwanamke unayemkuta pale, msubiri atoke, muulize nje. Atakuambia kwa dakika mbili mambo ambayo mapokezi hawatayasema mwaka mzima. Na tembea njia ya kutoka jimu hadi kituoni saa 2 usiku kabla ya kulipa. Njia yenye giza itakugharimu bajaji kila siku, na bajaji hiyo iingie kwenye hesabu ya hatua ya nne.

6. Soma karatasi, kisha uliza isichosema

Kaka wa mauzo atakuambia, "Ofa inaisha leo, bosi wangu." Jibu la upole linatosha: "Asante kaka, nipe hiyo fomu nikaisome nyumbani, Jumamosi nakuja." Akikataa kukupa fomu, amekusaidia kuamua.

Maswali yenye pesa ndani yake ni haya. Nikisafiri kikazi au nikiugua, naweza kusimamisha siku zangu, kwa muda gani, na naomba kwa maandishi au kwa mdomo? Nikihamishwa mkoa, siku zilizobaki naweza kumpa mtu mwingine? Jimu ikifunga kwa ukarabati, siku zinaongezwa? Bei ikipanda katikati ya kifurushi inanigusa? Kama ada inakatwa kwenye kadi kila mwezi, naisimamishaje, na nitoe taarifa siku ngapi kabla? Mwalimu binafsi yumo au analipwa kando?

La ukarabati si nadharia. Mwenzangu wa ofisini alilipa miezi sita mahali fulani, wiki ya tano akakuta kufuli na karatasi: "Tumefunga kwa matengenezo." Matengenezo hayakwisha. Alikuwa amelipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, bila risiti, na kila alipopiga simu aliambiwa mwenye namba ameacha kazi.

Kwa hiyo lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la jimu kabla ya kubonyeza namba ya siri, dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na ipige picha kwa kuwa wino wake hufifia. Ahadi yoyote ya mdomo iandikwe kwenye fomu na isainiwe, au itumwe kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa mambo hayo, lakini ukienda mikono mitupu utakuwa unasimulia tu. Wakichukua alama za vidole, uliza zinatunzwaje na zitafutwa lini utakapoondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuuliza.

7. Patana bei

Jimu nyingi hupatana, hasa zisizo za hoteli. Usiombe "punguzo" hivihivi, peleka kitu. Mkiwa watano wa ofisi moja, mtumeni mmoja akaongee kwa niaba yenu. Kama saa zako ni zile ambazo jimu iko tupu, sema wazi: "Mimi nitakuja saa 5 asubuhi tu, mnanipa shilingi ngapi?" Wakigoma kushusha ada, omba wafute ada ya kujiunga au wakuongezee wiki mbili. Muulize na afisa rasilimali watu wa kwenu kama kuna mpango wowote. Baadhi ya waajiri huwa nao na haujulikani kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Muda wa kununua: anza na mwezi mmoja, kila mara. Ukimaliza mwezi huo na umehudhuria angalau kwa idadi uliyojipangia, nenda kwenye miezi mitatu. Mwaka mzima sinunui tena, hata kwa ofa ya kulipa miezi 10 upewe 12. Miezi miwili ya bure ni mitamu kwa anayebaki, na kazi za mjini hapa zinahama: ofisi inahamia Dodoma, mkataba unaisha, mtoto anazaliwa.

8. Mwezi wa kwanza, weka alama

Bandika karatasi ya mwezi mlangoni na kila siku uliyokwenda ichore duara. Begi la mazoezi liandaliwe usiku, au raba na taulo vikae kazini chini ya meza. Siku za kwenda ziwe zilezile kila wiki, mwambie na mwenza wako au wa nyumbani kwako, ili chakula na watoto vipangiwe na asione kama umetoroka.

Mwezi ukiisha, hesabu maduara. Yakiwa chini ya nusu ya uliyopanga, usihuishe. Tafuta kilichokwamisha. Kama ni saa, badilisha saa na urudi hatua ya pili. Kama ni umbali, badilisha jimu. Kama ni pesa, shuka hadi malipo ya siku. Na kama ni kwamba hupendi tu kukaa ndani na vyuma, nalo ni jibu: klabu za jogingi zipo mitaa mingi ya Dar, hukutana alfajiri za mwisho wa wiki, na mchango wake ni mdogo. Ufukwe wa Coco alfajiri hauna mapokezi, na kamba ya kuruka inatosha kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga, mradi jirani asiwe amelala.

Wakikupigia simu kukukumbusha kuhuisha, na watakupigia, usijibu papohapo. Waombe kwanza orodha ya mahudhurio yako ya mwezi uliopita. Mashine ya kidole inayo.